Mshauri Anajibu: Madeni, Majonzi na Hofu ya Jioni Baada ya Kafyu

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu miezi ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku wakati wa korona, tumepokea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zinafuata mkondo mmoja: mwandishi huanza kwa kulalamikia fedha, kisha kabla ya kutia sahihi hugusia usingizi uliopotea, moyo unaokwenda mbio au hasira asizojua zinatoka wapi. Nimechagua barua nne, nimezifupisha na kuyaondoa majina ya waandishi. Aliyesema anahitaji jibu la faragha ameshaandikiwa.

SWALI: Kabla ya korona nilikuwa nikiuza nguo za watoto katika soko la Gikomba. Mwaka 2020 marobota ya mitumba yalikoma kuja, nikala mtaji, kisha nikachukua mkopo wa simu, na mwingine wa kulipia ule wa kwanza. Nimerudi sokoni, lakini hadi leo jua likianza kushuka moyo hunidunda, nami hufunga kibanda saa kumi na moja ilhali wenzangu wanauza hadi saa tatu usiku. Simu ikilia kwa nambari nisiyoijua, natetemeka. Mume wangu asema ni uvivu. Jirani asema nimelogwa. Je, huu ni ugonjwa?
*Mama wa Watatu, Kayole, Nairobi*

JIBU: Dada yangu, pole sana. Nianze na maneno mawili uliyotupiwa. Uvivu haukuhusu, kwa maana mvivu hakosi usingizi kwa ajili ya kazi asiyoifanya, nawe unaumia kila unapofunga kibanda mapema. Kuhusu kulogwa, sina haja ya kubishana na jirani yako, ila naona kwamba yaliyokupata yana chanzo kinachojulikana, tena chenye tarehe.

Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mwenye mshahara, saa moja ni wakati wa kufika nyumbani. Kwa muuza mitumba, saa mbili zinazotangulia hapo ndizo za kuuza, kwa kuwa wateja wake ni watu wanaotoka kazini, na kwa kuwa matatu nazo zilipaswa kumaliza safari kabla ya muda huo, soko lilianza kupoa mapema alasiri. Siku hizo hizo serikali ilizuia mitumba kuingizwa nchini kwa kuhofia maambukizi, na zuio hilo halikuondolewa hadi Agosti. Tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba hakuna ruhusa ya kuingia wala kutoka Nairobi, hivyo wachuuzi wa mikoani waliozoea kuja Gikomba kununua kwa jumla wakakwama makwao hadi Julai. Bidhaa haiji, mnunuzi hafiki, saa za kuuzia zimekatwa, na kodi ya nyumba inaendelea kuhesabiwa kama kwamba hakuna kilichotokea. Mtaji wako uliliwa kwa unga na kodi. Nakuomba umweleze mume wako hesabu hiyo kwa utaratibu, kwa sababu nashuku kwamba anakulaumu huku naye akijilaumu moyoni.

Tuje kwenye moyo unaodunda. Mwili wa binadamu hujifunza hatari upesi na kuisahau polepole. Kwa miezi mingi, jua kuzama kulikuwa na maana ya rungu na gesi ya kutoa machozi kwa mtu aliyechelewa barabarani. Siku ya kwanza tu ya kafyu, abiria waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni walipigwa hata kabla ya saa moja kufika, na siku chache baadaye, huko Kiamaiko, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa katika roshani ya nyumba yao. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi hadharani kwa ukatili wa polisi, lakini kufikia mwanzoni mwa Juni mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, ilikuwa imepokea malalamiko 87 na kutaja vifo 15. Mwanamke aliyekuwa akikimbia kila jioni kutoka Gikomba kwenda Kayole akiwa na mzigo kichwani hakuhitaji kupigwa yeye mwenyewe ndipo mwili wake uiogope jioni. Wataalamu huita hali hii kiwewe, na inapoambatana na deni huwa nzito zaidi, kwa sababu deni huifanya simu iliyo mfukoni kuwa kikumbusho cha hatari kinachotembea nawe kutwa.

Kwa hiyo deni na hofu vishughulikiwe pamoja. Andika katika daftari madeni yote: nani anakudai, kiasi gani, na tangu lini. Wengi huogopa kufanya hivi kwa kudhani jumla itawaangusha, lakini deni lililoandikwa lina mwisho, na lililo kichwani halina. Kisha ujue kwamba kanuni zilizoanza kutumika Machi 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na zinawakataza kutumia vitisho na matusi au kuwapigia watu waliomo katika orodha ya simu yako ili wakuaibishe. Anayekufanyia hivyo unaweza kumshtaki kwa Benki Kuu, na kama ametumia majina ya jamaa zako bila idhini, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usichukue tena mkopo wa kulipia mkopo. Mwombe mkopeshaji mmoja mmoja apange nawe malipo madogo, ukianza na yule mwenye riba kali zaidi, na kama una chama cha akiba cha wanawake, kisikopwe hadi hayo yatulie, kwa maana ukikivunja hicho utakuwa umepoteza fedha na marafiki kwa pamoja.

Kuhusu jioni, usijilazimishe kukaa hadi saa tatu mara moja. Wiki hii funga robo saa baada ya muda uliouzoea, ukiwa na mwenzako ambaye mtaondoka pamoja; wiki ijayo ongeza robo nyingine. Moyo utadunda. Uache udunde, ubaki ulipo hadi utulie wenyewe, maana kila unapokimbia mwili huamini kwamba kulikuwa na jambo la kukimbiwa. Ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili umepoteza hamu ya chakula na ya mambo uliyoyapenda, unaamka usiku wa manane bila sababu na kujiona huna thamani, hiyo yaweza kuwa sonona, na inatibika. Nenda kituo cha afya umweleze mhudumu mambo hayo waziwazi, usiishie kusema kwamba kichwa kinauma. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure ya ushauri, 1199. Na kama limewahi kukujia wazo la kuyakatisha maisha yako, usilifiche kwa hofu ya sheria: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Mwambie mtu leo.

SWALI: Sisi Watanzania hatukufungiwa. Hata hivyo mimi, mwongoza watalii, nilikaa karibu mwaka mzima bila safari moja ya kwenda mbugani, na nikauza gari langu kwa bei ya kutupa. Wageni wamerudi, lakini sina gari, na kila jioni nakunywa kuliko nilivyozoea. Nikisikia Wakenya wanasema kafyu ndiyo iliyowafilisi, nashangaa: mbona mimi nimefilisika bila kafyu?
*Mwongozaji, Arusha*

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ni la maana kuliko unavyodhani, na ningetamani lisomwe na wote wanaobishana juu ya jambo hili kwa kutaja jumla ya hasara pekee.

Ni kweli kwamba Tanzania haikutangaza kafyu wala kufunga miji. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020, wanafunzi wakarejea kwa awamu mwezi Juni, na ndege za kimataifa zilizositishwa Aprili zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Hata hivyo idadi ya watalii ilishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Mteja wako aliyekuwa Ujerumani au Marekani alikuwa amefungiwa kwake, na hata ambaye hakufungiwa alikuwa na hofu. Wewe ulifilisiwa na milango iliyofungwa mbali nawe, pamoja na ugonjwa wenyewe. Kwa upande wa Kenya, uchumi ambao mwaka 2019 ulikua kwa takriban asilimia 5 ulisinyaa kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, na huduma za malazi na chakula zikaanguka kwa asilimia 47.7, lakini hoteli ya Diani, pwani ya Kenya, ingekosa wageni wa Ulaya hata kama kafyu isingetangazwa. Sehemu ya hasara hiyo ni ya gonjwa na sehemu ni ya amri, na anayeiweka yote upande mmoja anatetea chama chake cha siasa.

Ukiniuliza maoni yangu, nadhani kufunga kulikuwa na hoja katika majuma ya kwanza, wakati hakuna aliyejua ugonjwa ungekwenda kasi gani na vitanda vya wagonjwa mahututi katika nchi zetu vilikuwa vichache mno. Ninachoshindwa kukitetea ni kafyu ya Kenya iliyodumu hadi tarehe 20 Oktoba 2021, kwa karibu miezi 19, huku mikutano ya siasa ikijaza viwanja mchana. Muuza chapati wa usiku aliendelea kulipa gharama ya amri ambayo waliokuwa majukwaani hawakuionja.

Akili nayo iliguswa na pande zote mbili. Shirika la Afya Duniani lilieleza Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona na maradhi ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25, na waliodhurika zaidi ni wanawake na vijana. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2021 uliona kwamba ongezeko hilo liliandamana na mambo mawili: kuenea kwa maambukizi na kupungua kwa watu kutembea. Hukuwa chini ya kafyu, lakini ulikaa nyumbani ukisubiri simu isiyolia, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea kuamka kabla ya alfajiri na kwenda Ngorongoro halina tofauti kubwa na kufungiwa.

Sasa kuhusu leo. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8, kwa hiyo kazi ipo, na ujuzi wako haukuuzwa pamoja na gari. Fanya kazi kwa kuajiriwa na mwenye magari kwa misimu miwili au mitatu. Najua ni vigumu kuendesha gari la mwingine baada ya kuwa na lako, lakini kukopa gari jipya sasa hivi, ukiwa bado unakunywa kila jioni, ni kuweka rehani kitu ambacho huna. Pombe ndiyo ianze kupungua. Nywea pale tu penye watu, usiweke chupa nyumbani, na ukiona mikono inatetemeka asubuhi au unatoka jasho usipokunywa, usiache ghafla peke yako kwa kuwa kuna hatari ya kifafa; nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukasaidiwe kuacha kwa utaratibu.

SWALI: Ndugu yangu alifariki Mei 2020 katika Mji wa Kale, Mombasa, mtaa ulipokuwa umefungwa. Alizikwa haraka na watu wachache, mimi nikiwa ng'ambo ya pili sikuweza kuingia. Hatukukaa matanga. Miaka imepita, na mpaka leo nikipita karibu na nyumba yake huona kama nitamkuta barazani. Vijana wangu wananambia nimezeeka tu. Je, ni makosa kumfanyia hitima sasa?
*Mzee wa Likoni*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, na Mola amrehemu ndugu yako. La hukumu ya kisheria ya dini ni la imamu wako, nami sitalivamia. La moyo nitalijibu: si makosa, na kwa maoni yangu mmechelewa.

Vijana wako huenda wamesahau jinsi mambo yalivyokuwa. Mji wa Kale na Eastleigh vilifungwa kwa pamoja tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, na havikufunguliwa hadi mapema Juni. Idi ilipita milango ikiwa imefungwa. Mazishi yalikuwa yamewekewa kikomo cha watu 15. Misikiti na makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, waumini walitakiwa wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Yaani wazee, ambao ndio waliokuwa wakifiwa na rika lao, ndio waliokatazwa kwenda kuomba pamoja.

Matanga ni utaratibu wa kuikubalisha akili jambo ambalo inalikataa. Watu wanakuja, unasimulia kifo kile kile mara ishirini, na katika kusimulia huko kinakuwa kweli. Wewe hukupata nafasi ya kusimulia hata mara moja, na ndiyo maana unamtazamia barazani. Waite jamaa nyumbani kwake hasa, soma, lisha watu kwa kadiri ya uwezo wako, na umwombe kila mmoja aeleze alikuwa wapi siku ile. Nina hakika utagundua kwamba hukuwa peke yako uliyezuiwa. Zuru na kaburi. Hamu ya kumwona haitaisha, na haina haja ya kuisha. Lakini ikiwa baada ya hapo bado huli, hulali na hutaki kutoka, wape vijana wako kazi ya kukupeleka kwa daktari badala ya kukuambia umezeeka.

SWALI: Nilikuwa mwalimu katika shule ya kibinafsi. Shule ilifungwa Machi 2020 na sikulipwa senti hadi Januari 2021, ilhali wenzangu wa serikali walilipwa mshahara wote. Niliuza mboga kwa mkokoteni, wanafunzi wangu wakiniona. Serikali ilisema imepunguza kodi kutusaidia. Ilimsaidia nani? Nami nitaondoaje aibu hii? Nimerudi darasani lakini huona wanafunzi wananicheka.
*Mwalimu, Nakuru*

JIBU: Mwalimu, nafuu ile ilikwenda kwa mwenye hati ya mshahara. Aprili 2020 waliopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato, kiwango cha juu cha kodi hiyo kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya thamani ya ziada (VAT) ikatoka asilimia 16 hadi 14. Asiyelipwa mshahara hana kodi ya kusamehewa. Ikumbukwe pia kwamba punguzo hilo liliondolewa tarehe 1 Januari 2021, siku chache tu kabla ya wewe kurudi darasani, kwa hiyo ulianza kulipwa pale nafuu ilipokoma. Kulikuwa na fedha za wazee na mayatima, na vijana wa mitaa ya mabanda walipewa vibarua vya mpango wa serikali wa Kazi Mtaani, lakini mwalimu wa shule ya kibinafsi hakuwa mzee, hakuwa yatima, na hakuna aliyemhesabu kuwa maskini kwa sababu alikuwa amevaa tai hadi juzi. Sekta ya elimu ilisinyaa kwa asilimia 10.8 mwaka ule, na huko Mwea shule moja iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku ili ipate cha kuishi. Likitokea janga lingine, serikali ianze na daftari la watu wanaoishi kwa kipato cha siku na wale ambao waajiri wao hawana akiba, na fedha ziende moja kwa moja katika simu zao kabla ya kafyu kutangazwa; njia ya kuzituma, M-Pesa, tunayo tangu 2007.

Kuhusu aibu, sikuambii kwamba kuuza mboga ni kazi ya heshima, ingawa ni kweli, kwa maana umeshaambiwa hivyo na haikukusaidia. Kilichokuuma ni kuonekana umeshuka na watu waliokuita mwalimu. Lakini wanafunzi hao nao walikuwa nyumbani miezi ile, na wengi wao waliwaona baba zao wakikosa kazi; takwimu za taifa zinaonyesha kwamba zaidi ya ajira 700,000 zilipotea nchini mwaka 2020. Chukua kipindi kimoja cha hisabati, uwape hesabu ya mkokoteni wako: bei ya kununulia, mboga zilizooza, usafiri, faida. Waambie ni hesabu yako mwenyewe. Atakayecheka atacheka siku hiyo moja, na wewe utakuwa umeisema kwa sauti yako, mbele yao, badala ya kuisikia katika minong'ono ambayo huenda haipo. Kama baada ya muhula mmoja bado unasikia kicheko katika kila darasa unaloingia, tafuta mshauri nasaha katika hospitali ya kaunti, na umpe barua hii asome kama kuisimulia kutakuwa kugumu.